Linki za kulitangaza duka la kazi za mikono: namna tunavyozitafuta hapa Tanga

Tanga tunajulikana kwa "waja leo, waondoka leo". Mwaka wa kwanza wa duka langu la mtandaoni msemo huo ulinikaa sawasawa. Watu walitoka Instagram, wakatazama picha ya kapu, wakaondoka, na kesho yake hakuna aliyeikumbuka njia ya kurudi. Nikiacha kuposti siku tatu, duka linakuwa kama soko la Mgandini saa nne usiku.

Kilichonitoa hapo ni linki. Nazungumzia linki inayotoka kwenye tovuti ya mtu mwingine kuja kwako: mtu kaandika habari za safari yake ya Pangani, kataja kapu alilonunua, ukibonyeza maneno hayo unajikuta dukani. Msomaji wa namna hiyo anakuja akiwa keshaambiwa na mtu anayemwamini. Google nayo inahesabu. Larry Page na Sergey Brin walipoieleza injini yao mwaka 1998, wakiwa bado Chuo Kikuu cha Stanford, waliichukulia linki kama ushahidi, na ushahidi wa anayeheshimika ukawa na uzito kuliko wa mpita njia. Leo Google inapima mambo mengi zaidi, ila hilo halijaondoka.

Utafiti wa linki maana yake ni kutazama nani anawaelekezea watu kwa wauzaji wa bidhaa kama yako, na kwa nini. Ni kama kumuuliza muuza vikapu wa jirani wateja wake wanatokea wapi, tofauti ni kwamba mtandaoni jirani hawezi kukuficha.

Kwanza, uwe na mlango wako

Kama duka lako ni ukurasa wa Instagram na namba ya WhatsApp, linki utakazopata zitaipa nguvu Instagram. Nunua domeni yako mwenyewe, yaani jina la tovuti linaloishia na .co.tz au .com, kisha kila bidhaa iwe na ukurasa wake wenye anwani isiyobadilika. Halafu iandikishe tovuti hiyo kwenye Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti. Ni bure. Utathibitisha umiliki kwa kuweka faili kwenye tovuti, au maneno mafupi kwenye mipangilio ya domeni, na baada ya muda utaona sehemu ya linki: nani amekuunganisha, ukurasa gani umeunganishwa zaidi, na kwa maneno gani.

Mimi nilipofungua sehemu hiyo mara ya kwanza nilikuta linki nne. Mbili zilikuwa zangu mwenyewe.

Hatua ya 1: Mjue jirani wa kweli

Nilidhani mshindani wangu ni yule kaka mwenye meza ya vikapu karibu na stendi. Anayetafuta kapu la katani kwenye simu yake akiwa Dar es Salaam, Nairobi au Hamburg hamwoni yule kaka, wala mimi hanioni. Anaona wengine kabisa, na hao ndio wa kuwasoma.

Fungua dirisha la siri la kivinjari, ili Google isikuletee kurasa unazozoea, na uandike maneno ambayo mnunuzi angeandika. Andika kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya mgeni, maana majibu hutofautiana sana. "Vikapu vya katani" huleta watu wa hapa hapa. Ukiandika "sisal" utakutana na vituko: Italia kuna kampuni ya kamari inayoitwa Sisal, na jioni ya kwanza nilishindwa kuelewa mkonge na mpira wa miguu vimekutana wapi. Dawa yake ni alama ya kutoa. Ukiandika neno lako, nafasi, kisha alama ya kutoa imegandana na neno usilolitaka, Google inaziacha kurasa zenye neno hilo. Ukitaka maneno mawili yaje pamoja kama yalivyo, yafunge kwa alama za kunukuu.

Andika majina ya tovuti ndogo kumi zinazojitokeza mara kwa mara. Amazon na wenzake waache. Wana linki kwa mamilioni na hazina la kukufundisha.

Hatua ya 2: Vuta orodha zao

Zipo programu za kulipia, Ahrefs, Semrush, Majestic na nyinginezo, na ada yake kwa mwezi ni ya watu wenye kampuni. Huhitaji kulipa ili uanze. Ahrefs wana kikaguzi cha bure: unaweka anwani ya tovuti yoyote, kinakuonyesha linki zake 100 za juu. Moz nao wanakupa utafutaji mchache wa bure ukijiandikisha. Bing Webmaster Tools, ambayo ni bure, inakuruhusu kulinganisha linki zako na za tovuti nyingine. Kwa tovuti kumi ndogo hizo tatu zinatosha.

Mwenye kuhesabu bando afanye kazi hii kwa awamu: vuta orodha zote siku moja, zihifadhi kwenye jedwali, kisha zichambue taratibu. Jedwali langu lina safu tano tu: anwani ya ukurasa, anaelekeza kwa nani, maneno yaliyobeba linki, kwa nini ameiweka, na mimi nina nini cha kumpa. Safu ya nne ndiyo kazi yenyewe. Waliojaribu njia hii wakasema haifai, wengi nimewakuta wameiacha tupu.

Hatua ya 3: Chambua kama unavyochambua singa

Katani ikitoka kwenye korona, ile mashine ya kukamulia majani ya mkonge, singa (nyuzi) fupi na zilizovunjika hutengwa, ndefu na nyeupe zikawekwa kando. Orodha ya linki ni hivyo hivyo, tena makapi ni mengi kuliko singa.

Utaanza kukutana na tovuti za ajabu, zenye linki elfu moja kwenye ukurasa mmoja, au ukurasa wa Kirusi unaotaja vikapu, dawa za nguvu na mikopo kwa pumzi moja. Futa bila kufikiri. Zitafuata orodha za biashara zinazomkubali kila mtu. Moja mbili za nchi yako jiandikishe, hazidhuru, halafu songa mbele. Kuna linki za mitandao ya kijamii na za sehemu za maoni. Nyingi zimewekewa alama ya nofollow, ambayo Google na wenzake waliianzisha mwaka 2005 kupunguza takataka za kwenye maoni, ikimaanisha mwenye ukurasa hatoi dhamana. Mwaka 2019 ziliongezwa mbili: sponsored kwa linki iliyolipiwa, na ugc kwa iliyowekwa na wachangiaji. Ukitaka kuziona, fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U, kisha tafuta anwani husika ndani ya yale maandishi. Usizidharau lakini. Linki yenye nofollow kutoka kwenye makala inayosomwa na watalii wa Usambara itakuletea mnunuzi hata kama Google haiipi uzito.

Ukimaliza kutupa, katika linki 100 utabaki na nane au kumi. Hizo zisome moja moja, ukurasa mzima, kama unavyosoma barua ya mkwe.

Nitaeleza moja niliyoisoma usiku mmoja nimekaa kwenye jamvi uani, shangazi yangu pembeni akisokota kamba kwenye paja. Ulikuwa ukurasa wa mwalimu wa ufumaji wa huko Ulaya, akilinganisha nyuzi za mimea: katani, juti, kumbi za nazi. Katikati aliweka linki kwenda kwa muuzaji mmoja wa vikapu ambaye, kwa maoni yangu ya kijicho, hasuki vizuri kuliko sisi. Nikasoma mara ya pili kutafuta sifa za vikapu vyake. Hamna. Linki ilikwenda kwenye ukurasa wenye picha tatu za jani la mkonge likikatwa, likikamuliwa, na singa zikianikwa. Mwalimu alikuwa anaeleza uzi unavyotoka kwenye jani, akahitaji mahali pa kumwonyesha mwanafunzi.

Nikamweleza shangazi. Akauliza, "Kwa hiyo kapu hakulitaka?"

"Hakulitaka, shangazi. Kataka jani."

"Majani si tunayo mpaka Muheza, mwanangu?"

Usiku ule nilirudi kwenye safu ya nne nikaijaza upya yote. Walioweka linki kwa ajili ya bidhaa yenyewe walikuwa wachache, hasa waandishi wa orodha za zawadi na wapambaji wa nyumba. Waliobaki walikuwa na pengo kwenye maandishi yao, na muuzaji fulani, pengine bila kujua, alilijaza. Msafiri alitaka kueleza Pangani ilitajirika kwa nini. Mwalimu wa shule alitaka picha. Kulikuwa na tovuti ya wafuga paka, ndiyo, paka, kwa sababu zile nguzo wanazowekewa paka wa Ulaya wakwaruze kucha huzungushiwa kamba ya katani, na mwandishi alitaka kueleza kwa nini katani haikwaruziki upesi. Ubao wa dati, ule mchezo wa kurusha vishale, nao hutengenezwa kwa katani. Mimi wa Tanga nimezaliwa katikati ya mkonge na sikuwahi kumwaza paka.

Hatua ya 4: Tengeneza ukurasa wa kujaza pengo

Hapa ndipo mahali unapotoka panapokuwa mtaji. Mtu wa Bagamoyo anayeshona mikeka ya ukindu ana habari ya ukili na rangi zake. Sisi wa huku tuna mkonge, na habari ya mkonge inaanzia nyumbani: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Jina "sisal" lilitokana na bandari ya Sisal, huko Yucatan nchini Mexico. Kutoka miche hiyo 62 nchi ilifika kuzalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka miaka ya 1960, kabla kamba za plastiki hazijaivunja bei. Na katika uzito wote wa jani, uzi ni kama asilimia 4 tu. Hilo la asilimia 4 limenukuliwa kwenye ukurasa wangu kuliko kitu kingine chochote, nami nililiweka mwisho kabisa nikidhani halina maana.

Ukurasa wako uwe na vitu vitatu: maelezo mafupi yaliyo sahihi, picha zako mwenyewe, na ruhusa ya wazi kwamba anayetaka picha achukue mradi ataje ilikotoka na kuweka linki. Picha zipige kazini. Sisi tulipiga ya sufuria ya rangi ikichemka, singa nyekundu zikining'inia kwenye kamba ya nguo, na mikono ya shangazi ikianza kitako cha kapu. Uso wake hakutaka utokee, na tukaheshimu. Kila msukaji muulize kabla, hata kama ni dada yako wa tumbo moja.

Bei usiiweke kwenye ukurasa huo. Weka chini kabisa mstari mmoja unaompeleka msomaji dukani. Mwalimu hawezi kuwapeleka wanafunzi wake kwenye ukurasa unaopiga kelele ya punguzo.

Hatua ya 5: Waandikie

Tafuta barua pepe ya mwandishi mwenyewe, ilipo kwenye sehemu ya mawasiliano. Andika barua fupi inayoonyesha umesoma. Hii niliituma kwa mtu aliyeandika juu ya siku zake tatu Tanga:

"Habari za kazi. Nimesoma makala yako, na pale ulipoeleza safari ya kwenda Mapango ya Amboni kwa bodaboda nimecheka, maana ndivyo ilivyo. Chini ya makala kuna wasomaji wawili wameuliza wanunue nini cha kubeba nyumbani. Mimi na shangazi zangu tunasuka vikapu vya katani Ngamiani. Nina ukurasa wenye picha za kazi nzima, kuanzia jani mpaka kapu, na maelekezo ya kufika tunapokaa. Ukiona utawafaa, anwani yake ni hii. Ukihitaji picha ya mkonge kwa makala nyingine, chukua yoyote, taja tu ilikotoka."

Akajibu siku ya pili, akaongeza sentensi moja kwenye makala. Usidanganyike na bahati hiyo: katika barua 20 nilizotuma awamu ile walijibu watano, na waliounganisha ni watatu. Kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha nyamaza. Usimpangie maneno ya kubebesha linki, kwani linki kumi zenye maneno yale yale ya biashara zinanuka mbele ya Google. Pia usimwahidi kapu la bure kama malipo. Kampeni za namna hiyo Google inazihesabu kuwa linki zilizonunuliwa, na ukimpa mtu bidhaa ili aandike, linki inatakiwa iwekewe alama ya sponsored.

Nami nina haki ya kulionya hilo. Kabla sijajua lolote, kijana mmoja wa mtandaoni aliniuzia "linki 500 zenye nguvu" kwa shilingi 60,000. Zilikuja kweli, zote 500 ndani ya juma moja, kutoka kwenye maoni ya tovuti za kamari na kurasa zisizosomwa na kiumbe. Mauzo hayakusogea hata kapu moja. Tangu marekebisho yaliyoitwa Penguin, ya Aprili 2012, Google imekuwa ikiziwinda linki za kununua, na siku hizi nyingi inazipuuza tu. Hivyo nilibahatika kupoteza pesa bila kupoteza tovuti. Ukijikuta na takataka usizoziomba, ziache. Kile kifaa cha Google cha kukana linki ni hasa kwa aliyepewa adhabu rasmi, na ataiona ndani ya Search Console. Ukikitumia ovyo unaweza kukata tawi ulilokalia.

Hatua ya 6: Walio karibu

Hii ningeianza mapema kuliko zote, maana ni rahisi. Nyumba ya wageni inayotumia vikapu vyako kuwekea taulo ina tovuti. Waongoza watalii wa Lushoto na Amani wana kurasa. Mgahawa ulionunua kwako vitambaa vya meza, duka la Dar linalouza bidhaa zako, mratibu wa maonyesho uliyoshiriki: wote wanakufahamu, na ombi lao ni la mdomo tu. "Kaka, naomba pale ulipoweka picha ya chumba utaje vikapu vimetoka kwetu." Nilipata linki tano kwa wiki moja, mbili nikiwa nimesimama kaunta nasubiri chai.

Kisha tafuta waliokutaja bila kukuunganisha. Andika jina la duka lako kwenye Google ndani ya alama za kunukuu, na weka Google Alerts ikutumie barua kila likitajwa. Picha nazo zitafute kwa Google Lens. Nilikuta kapu letu la mistari mieusi kwenye tovuti mbili bila jina. Niliandika kwa adabu, mmoja akaweka linki na kuomba radhi, mwingine akaiondoa picha.

Linki zilizokufa ni chanzo kingine, ingawa kinataka subira. Ukisoma kurasa za marejeo za ufumaji au za historia ya mkonge, bonyeza kila linki. Ikileta ujumbe kwamba ukurasa haupo, nakili anwani yake uiweke kwenye Wayback Machine ya Internet Archive uone zamani palikuwa na nini. Kama na wewe una kitu cha kufanana, mjulishe mwenye ukurasa kwamba linki yake imekufa, umtajie na wako.

Hatua ya 7: Pima, na usivunje ulichojenga

Nafungua Search Console mara moja kwa mwezi, siku ya mwisho wa mwezi, baada ya kuwalipa wasukaji. Natazama tovuti ngapi mpya zimeniunganisha, na ukurasa gani. Halafu naenda kwenye takwimu za tovuti kuona waliotokea huko walikaa muda gani na nani kaagiza. Tovuti moja mpya inayoleta wasomaji ni afadhali kuliko tano zinazokaa kimya. Mpe kila awamu miezi mitatu kabla hujaihukumu.

Jambo lililonigharimu zaidi ni hili. Ile linki ya mwalimu wa ufumaji nilikuja kuipata, ilichukua wiki saba. Miezi miwili baadaye nikapanga upya kurasa za duka, nikabadilisha anwani ya ukurasa wa mkonge iwe fupi na ya kupendeza, na linki yake ikawa inaelekea hewani. Sikujua mpaka yeye mwenyewe aliponiandikia kwamba wanafunzi wake wanakuta ukurasa mtupu. Ukibadilisha anwani yoyote, weka siku hiyo hiyo maelekezo ya kudumu, yale ya namba 301, kutoka anwani ya zamani kwenda mpya. Mifumo mingi ya maduka ina sehemu yake kwenye mipangilio, na ni kazi ya dakika mbili. Mimi nilipomaliza kuyaweka nilimtumia mwalimu radhi na picha mpya: shangazi akishona mpini, safari hii uso ukionekana, kwa idhini yake, akiwa amejifunga leso ya Idi.